Mwalimu wa kwaya anapomuaga mwanafunzi wake, Upare hubaki na nini?

Kila mwaka, wiki chache kabla mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne haujaanza mwezi Novemba, kwaya za milima ya Upare huanza kupungukiwa. Sauti ya kwanza huachwa na pengo mstari wa mbele. Besi hubaki na wazee wawili na kijana mmoja ambaye sauti yake bado haijatulia. Kinanda humkosa binti aliyekuwa akikipiga tangu akiwa shule ya msingi, miguu yake ikiwa bado haifiki sakafuni. Wa Kidato cha Sita walikwisha kuondoka baada ya mtihani wa Mei, wengi wao wakapitia kambi za JKT. Waliopata vyuo vikuu hushuka Same mjini mwezi Oktoba na kupanda mabasi ya Dar es Salaam, Dodoma au Mbeya. Na huko juu mlimani, mwalimu wa kwaya hufungua daftari la mahudhurio, akaanza kupanga upya sauti zake.

Tunaandika sana juu ya wanaohitimu. Tunapiga picha na mashada ya maua ya plastiki, tunasoma risala, tunakata keki. Juu ya mwalimu anayebaki tunaandika kidogo mno, na juu ya mwalimu wa muziki karibu hatuandiki kabisa. Makala haya ni yake.

Mwalimu huyu humkuti kwenye orodha ya wanaolipwa mshahara. Asubuhi ni mkulima wa tangawizi kule Mamba Miamba, au wa kahawa na migomba Mbaga, au ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye vipindi vyake vya Hisabati na Kiswahili. Wengine ni mafundi cherehani, wengine wastaafu. Jioni mbili tatu kwa wiki, na tena Jumamosi, anakwenda kanisani kufundisha, na kwenda kwenyewe ni kazi. Same mjini, barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha hupita katika tambarare kavu yenye migunga na vumbi. Ukiiacha hiyo na kupanda, unaingia kwenye ukungu, migomba na baridi, na juu kabisa katika msitu wa Chome kilele cha Shengena kinazidi mita 2,400. Vijiji vimekaa kwenye mikunjo ya mlima, hata viwili vinavyosikia kengele moja vinaweza kutenganishwa na mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mwanakwaya anayefika mazoezini Ijumaa ya mvua huwa amekwisha kutoa sadaka kabla hajafungua kinywa.

Mwanafunzi wa miaka mingi huanzia kwenye kwaya ya watoto, akiwa darasa la pili au la tatu. Huletwa na mama au shangazi aliye kwenye kwaya kubwa, akakaa pembeni akicheza, hadi siku mwalimu anapogundua kwamba yule mtoto anayechezea mchanga ndiye pekee aliyeushika wimbo wote. Mwalimu mzuri hasemi kitu siku hiyo. Humwita wiki inayofuata, akamsimamisha kati ya wakubwa wawili wenye sauti iliyotulia, akamwacha asikilize. Mafunzo ya mwaka wa kwanza karibu yote ni hayo ya kusimama katikati ya sauti sahihi hadi sikio lizoee.

Kisha huja ubao. Kwaya nyingi za Tanzania zimejengwa juu ya solfa, zile herufi d, r, m, f, s, l, t zinazoandikwa kwa chaki, nukta pacha zikitenganisha mapigo na kistari kikionyesha sauti inayovutwa. Utaratibu huu ulianzia Uingereza karne ya 19. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, ndiye aliyeuanzisha, na mchungaji John Curwen akaukamilisha na kuusambaza, akiwalenga watu wa kawaida na watoto wa shule za Jumapili wasio na vinanda nyumbani. Milimani kwetu umepata makazi ya kudumu kwa sababu hiyohiyo. Hautaki ala wala umeme. Ukiwa na chaki, ubao na koo zima, watu 40 wanaweza kuimba sauti nne.

Uzuri wake mwingine hujulikana na anayeufundisha. Katika solfa, do haikai mahali pamoja. Mwalimu huiweka pale panapowafaa watu aliokuwa nao jioni hiyo. Akiwakosa wenye sauti za juu, huishusha, na besi wakiwa wachache na wachovu baada ya kutwa shambani, huipandisha kidogo. Mwanafunzi aliyekaa naye miaka kumi hujifunza jambo hili bila kuambiwa. Huanza kuisikia kwaya kama mwalimu anavyoisikia, akajua kabla ya wengine kwamba ubeti wa tatu sauti ya pili itateremka, akaisogelea na kuishika.

Halafu kuna kipindi kigumu ambacho wazazi wengi hawakijui. Mvulana aliyekuwa nyota wa sauti ya kwanza akiwa darasa la sita hufika Kidato cha Kwanza, na sauti yake ikaanza kukwaruza. Wengi huacha kwaya hapo kwa aibu. Mwalimu mwenye hekima humhamisha mapema kabla hajachekwa. Humpa kazi ya kugawa madaftari, humfundisha kinanda au tarumbeta, humwambia anamhitaji afundishe watoto wadogo, na baada ya mwaka humkaribisha kwenye tenori au besi kama mtu aliyepandishwa cheo. Vijana wengi wanaoaga kwaya zetu wakiwa na miaka 18 wangekuwa wameshaondoka wakiwa na miaka 13, kama mwalimu asingekuwa na jicho.

Tarumbeta lina historia yake katika makanisa ya Kilutheri ya Kilimanjaro na Upare. Wamisheni wa Leipzig walioingia Upare kuanzia mwaka 1900, wakajenga vituo Shigatini, Gonja na baadaye Mbaga, walitoka katika nchi ambako vikundi vya wapiga tarumbeta wa kanisa vilikuwa kwenye vijiji vingi. Johannes Kuhlo wa Bielefeld, aliyefariki mwaka 1941, ndiye aliyeipa harakati hiyo mwongozo na vitabu, na aliamua jambo moja la busara: wapigaji wasome nota zilezile za kitabu cha nyimbo, bila kuandikiwa upya kwa ajili ya ala zao. Hivyo mkulima aweza kuketi na mpiga kinanda na waimbaji, wote macho kwenye ukurasa mmoja. Upande wa Waadventista, waliofungua kituo chao cha kwanza nchini huko Giti, Upare, mwaka 1903, mkazo ulikuwa kwenye sauti zenyewe, na hadi leo ukipita Suji siku ya Sabato utasikia sauti nne zilizopangwa bila ala yoyote. Wakatoliki wana mapokeo yao, na wapigaji wao wa kinanda wengi husoma nota za mistari mitano tangu utotoni.

Na nisiwasahau walimu wa madrasa. Upare ni nchi ya Waislamu pia, tangu misafara ya pwani ilipokuwa ikipita Kisiwani na Gonja katika karne ya 19. Mwalimu wa kaswida anayemfundisha kijana kupiga dufu, kupanga mistari na kupokezana na kiongozi hufanya kazi ileile, na siku ya kuhitimu madrasa naye humkosa msomaji wake bora. Ninaandika zaidi juu ya kwaya kwa kuwa ndizo nyingi milimani, lakini hoja ni moja.

Kabla ya hao wote, Wapare walikuwa na shule yao ya wimbo. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wetu Mpare, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Upare, alieleza jinsi jando la msituni, mshitu, lilivyokuwa nguzo ya utawala na malezi huko Ugweno. Vijana waliingia msituni, wakafundishwa kwa nyimbo na mafumbo, wakatoka wakiwa watu wazima wa jamii. Tofauti na mahafali ya sasa ni kubwa. Aliyehitimu mshitu alirudi kijijini. Anayehitimu leo anaondoka.

Siku ya kumuaga huwa Jumapili. Baada ya mahubiri na matangazo, mchungaji huwaita wahitimu mbele, waumini wakasimama, maombi yakafanywa kwa kuwawekea mikono. Kwaya huimba wimbo uliochaguliwa na mwalimu, na mara nyingi kijana anayeagwa huombwa auongoze au aupigie kinanda kwa mara ya mwisho. Wazazi hutunza. Mwenyekiti wa kwaya hukabidhi zawadi: Biblia, au kitabu cha Mwimbieni Bwana, au kitenge, na bahasha yenye michango ya wanakwaya. Kisha mwalimu hupewa nafasi ya neno. Wengi wao huongea kwa ufupi sana. Humwita mwanangu, humwomba asiache kuimba huko aendako, atafute kwaya kabla hajatafuta chumba. Mwanafunzi hutoa shikamoo ya mwisho na asante, watu wakapiga makofi, na ibada ikaendelea. Nyumbani huliwa makande, au wali na kuku kama mwaka umekuwa mzuri.

Jambo zito hasa limekwisha kutokea jana yake, Jumamosi, baada ya mazoezi. Hapo ndipo mwanafunzi hurudisha vitu. Sare ya kwaya ni mali ya kwaya, kwa hiyo huirudisha ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, na mwezi ujao itakunjwa pindo avae mwingine. Tarumbeta ni mali ya usharika, nalo hurudi kabatini pamoja na mdomo wake. Ufunguo wa kabati hurudi kwa mwalimu. Daftari la solfa, lenye nyimbo zilizonakiliwa kwa mkono miaka yote hiyo, mara nyingine hubaki, mara nyingine huondoka naye, na hakuna anayeuliza.

Hapa ndipo nasema wazi kwamba tunawaaga vibaya. Tunampa kijana kitenge na bahasha, tukamnyang'anya ala. Aliyepiga tarumbeta miaka minane anafika chuoni Dodoma akiwa na begi la nguo na godoro, bila chombo cha kupigia hata mstari mmoja. Asipobahatika kupata usharika wenye tarumbeta na nafasi, midomo yake hulegea katika muda mfupi, na mwaka wa pili hujitambulisha kama mtu aliyewahi kupiga. Mpiga kinanda ana afadhali kidogo, kwa kuwa vinanda viko makanisa mengi, ila mjini atakuta foleni ya wapigaji na hatapewa benchi upesi. Mwimbaji pekee ndiye anayesafiri na ala yake kooni.

Na nyuma yake pia tunapoteza. Mwanafunzi wa miaka kumi anabeba kichwani nyimbo ambazo mwalimu alizitunga na hakuziandika, au aliziandika maneno tu bila nota, akitegemea kwamba yule binti anazijua. Mwalimu naye amezeeka, simu yake haina nafasi, daftari moja lililowa mvua. Binti akishuka mlima, nyimbo hizo huwa zimeshuka pia. Nimesikia kwaya ikianza wimbo wa mwalimu wao wenyewe, ubeti wa pili sauti ya tatu wakatazamana, na wimbo ukaachwa. Sikuona kosa la mwimbaji yeyote pale. Aliyekuwa akiijua sauti hiyo alikuwa ameajiriwa Mwanza.

Wapare wanajua vizuri kutunza kinachotiririka. Katika milima ya Same kuna ndiva, mabwawa madogo ya jadi yaliyochimbwa na mababu. Maji ya kijito hukusanywa usiku kucha, asubuhi mlango hufunguliwa, na mashamba ya chini hugawiwa kwa zamu. Kazi ya mwalimu wa kwaya ndiyo hiyohiyo. Anakusanya kwa miaka, kisha anafungua, na wanaonufaika ni watu wa chini asiowajua. Lakini ndiva ina kamati, ina zamu, ina siku ya wote kutoka na majembe kuondoa tope. Kwaya mara nyingi ina mtu mmoja.

Mtu huyo mmoja zamani hakuwa peke yake. Enzi za misheni, mwalimu wa shule ya kijiji ndiye aliyekuwa mwinjilisti na ndiye aliyekuwa kiongozi wa nyimbo, kwa hiyo mtoto aliimba darasani Jumatatu kile atakachoimba kanisani Jumapili. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni chini ya serikali, jambo lililofungua milango kwa watoto wa imani zote na ambalo siliombolezei. Ila upande wa muziki, kamba iliyounganisha shule na kwaya ililegea. Shule ziliendelea kuwa na kwaya zake, na mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA bado yana nafasi ya kwaya na ngoma. Muziki pia ni somo linalotahiniwa na Baraza la Mitihani. Shule zinazolifundisha hadi mtihani, hata hivyo, ni chache mno, na mtoto wa Vudee au Vunta hatarajii kulikuta kwenye ratiba yake. Kwa hiyo elimu yote ya muziki anayoipata katika maisha yake inategemea yule mtu mmoja mwenye chaki.

Kuna aga moja ya mwanafunzi iliyofanywa vizuri, na inafaa kutazamwa kwa karibu. Miaka ya 1960, katika Chuo cha Theolojia cha Kilutheri Makumira, karibu na Usa River, alikuwepo mwalimu Mmarekani aitwaye Howard Olson. Aliona wanafunzi wake wakiimba darasani tenzi za Ulaya, na bwenini wakiimba kitu kingine kabisa, chenye maisha. Akawahimiza walete sauti za kwao na kuzitungia maneno ya imani. Mwaka 1966 mmoja wao, Bernard Kyamanywa kutoka Buhaya, aliandika wimbo wa Pasaka wa Mfurahini, Haleluya juu ya tuni ya Kihaya. Wilson Niwagila, wa kizazi hichohicho, akatoa Njoo kwetu, Roho mwema. Wanafunzi hao walihitimu, wakaagwa, wakaenda kuwa wachungaji kwao, maana chuo cha uchungaji hakimshikilii mtu.

Kilichofanya aga ile iwe tofauti ni karatasi. Olson hakubaki na kumbukumbu ya sauti nzuri za vijana walioondoka. Alibaki na nyimbo zao zilizoandikwa nota, zenye majina yao. Alizichapisha kwa Kiswahili, akazitafsiri kwa Kiingereza. Ulrich Leupold aliutia wimbo wa Kyamanywa katika Kijerumani, nao leo umo katika kitabu rasmi cha nyimbo za makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani. Fikiria safari hiyo. Wajerumani walileta tenzi zao Afrika Mashariki, na miongo kadhaa baadaye Pasaka yao wenyewe ikaanza kuimbwa kwa wimbo wa mwanafunzi wa Makumira. Olson alifariki mwaka 2010, na kila Pasaka mahali fulani duniani wimbo ule unaimbwa na jina la mwanafunzi limeandikwa juu yake.

Ninapousikia usharikani Same, furaha yangu huja na swali linaloniuma. Buhaya imeingia katika vitabu vya nyimbo vya dunia. Tuni za Chasu, lugha ya Wapare, ziko wapi? Ernst Kotz, mmisheni wa Kiadventista, alichapa sarufi ya Chasu mwaka 1909. Jakob Dannholz wa Mbaga aliandika juu ya imani za Wapare katika kitabu kilichotoka Leipzig mwaka 1916. Lugha yetu ilipata vitabu mapema. Nyimbo zetu bado zinasubiri, na waliokuwa na uwezo wa kuziandika tumekuwa tukiwaaga kila Novemba.

Zanzibar ina mfano mwingine. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri ajifunze kupiga kanuni. Aliporudi hakukaa na ujuzi wake kasrini tu. Aliwafundisha wengine, na katika mkondo huo, mwaka 1905, vijana wa mjini wakaanzisha Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu iliyopo hadi leo. Mohamed Ibrahim aliondoka akijua kwamba anatumwa, na kwamba anatarajiwa. Vijana wetu wanaondoka wakijua tu kwamba wamehitimu. Sijapata kumsikia mwenyekiti wa kwaya akimwambia kijana hadharani: tunakutuma, ukajifunze kupanga sauti au kurekebisha vinanda, na Krismasi ukija tutakupa kwaya ya watoto wiki mbili. Hata hivyo, Krismasi wanakuja. Kila Desemba mabasi yanashusha Same watoto wa milimani kwa mamia, milima inajaa magari na suti, na wengi wa wanakwaya wa zamani hukaa viti vya nyuma kanisani kama wageni.

Nafasi za kujifunza zipo, kwa anayetumwa. Chuo Kikuu cha Makumira kinatoa shahada ya muziki, na si mbali na Same. Bagamoyo kuna taasisi ya sanaa, TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Unguja kuna chuo cha muziki cha nchi za majahazi, kilichoanza mwaka 2002 na kulelewa kwenye jengo la forodha ya zamani, ambako kijana anaweza kusoma kanuni, udi na ngoma kwa walimu wenye mikono ya kazi. Sisemi kila mpiga kinanda wa Chome aache uuguzi asome muziki. Wengi watakuwa wauguzi, wahasibu na walimu, na ni vyema. Nasema kwamba kati ya wote waliokwisha kuagwa, kila usharika ungeweza kumtuma mmoja, kwa mchango uleule unaonunua keki.

Na walimu wenyewe? Mcheza kwao hutunzwa, lakini mwalimu wa mchezaji hutunzwa na nani? Sharika nyingi zinampa mwalimu wa kwaya zawadi ya mwisho wa mwaka, debe la mahindi au shati. Mchungaji ana mshahara, mwinjilisti ana posho, mlinzi ana posho. Anayebeba nusu ya ibada hana nauli. Najua sharika za milimani si tajiri. Najua pia kwamba spika kubwa zimenunuliwa, na vipaza sauti vinne, na kinanda kipya chenye midundo ya kubofya, kwa fedha ambazo zingemlipa mwalimu miaka mitatu. Midundo ile ya kubofya, niseme na hili, imewafanya vijana kadhaa waache kujifunza mkono wa kushoto. Kinanda kinapiga chenyewe, na mwanafunzi anabaki kubonyeza.

Ningependa aga ya mwaka huu iwe hivi. Miezi sita kabla ya kuondoka, mwanafunzi akabidhiwe watoto wawili awafundishe sauti yake, wimbo kwa wimbo, naye asiagwe hadi hao wawili waongoze ibada moja bila yeye. Jioni zile za Jumamosi, akae na mwalimu wake na daftari jipya, mmoja akiimba na mwingine akiandika, nyimbo zote ambazo mwalimu ametunga na zile za Chasu alizozipokea kwa wazee. Daftari linakiliwe mara mbili: nakala moja ibaki ofisini kwa mchungaji, moja aende nayo kijana. Simu irekodi kila sauti peke yake, kisha zote pamoja. Studio ya Sauti ya Injili ya Moshi imekuwa ikirekodi vipindi vya Kiswahili tangu miaka ya 1960, na kwaya zilizopanda gari kwenda huko na nyimbo zao zilirudi na kitu kinachodumu. Leo mashine ya kurekodi iko mfukoni mwa kila mwanakwaya, na mwalimu anazeeka bila kurekodiwa.

Usharika wenye tarumbeta la ziada ambalo halina mpigaji, ulikopeshe kwa barua. Kijana asaini, alirudishe siku atakayopata la kwake. Litachakaa, ndiyo. Kabatini pia linachakaa, tena bila kulia.

Dayosisi ya Pare ya Kilutheri, iliyoanzishwa mwaka 1975 na yenye makao yake Same, Dayosisi ya Kikatoliki ya Same, Kanisa la Waadventista na viongozi wa madrasa wanaweza kufanya jambo moja pamoja bila kugusa mafundisho ya yeyote: kuwatafuta walimu wa muziki wenye umri mkubwa katika wilaya za Same na Mwanga, na kuhakikisha kila mmoja ameandikiwa na kurekodiwa akiwa bado ana sauti. Halmashauri ina maofisa utamaduni. Hii ni kazi yao halali. Haihitaji mfadhili wa nje. Inahitaji orodha, gari la kupanda mlima, na vijana wachache wanaojua solfa, ambao tayari tunao.

Na wewe msomaji uliyepita mikononi mwa mwalimu wa namna hii, iwe Mbaga, Usangi, Gonja au kwenye mlima mwingine wowote wa nchi hii, mpigie simu wiki hii. Msalimie, halafu muulize ni wimbo gani wake ambao bado haujaandikwa. Mwombe auimbe hapohapo kwenye simu, uurekodi, uiandike sauti uliyokuwa ukiiimba wewe, na umtumie nakala pamoja na nauli ya mazoezi ya mwezi mzima. Desemba ukirudi nyumbani, usikae kiti cha nyuma. Nenda mazoezini Ijumaa, na uchukue watoto wawili.